Kopo la Mvua la Mwalimu Ebenezer

Kila Jumapili, ilipokaribia saa tatu asubuhi na mahubiri ndiyo kwanza yanakolea, Mwalimu Ebenezer aliinuka kwenye benchi la tatu kutoka mbele, akainama kidogo kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, akatoka nje ya kanisa. Wageni waligeuka kumtazama wakidhani tumbo limemshika. Wenyeji wa Mlali hawakugeuka. Walijua anakwenda kuchungulia kopo lake. "Mwalimu anakwenda kumhesabia Mungu," mchungaji mmoja wa zamani alipenda kutania, na Evelina, mke wa Mwalimu, aliyebaki benchini na Biblia mbili mapajani, alitabasamu kwa adabu huku akisaga meno. Alisaga meno hivyo kwa miaka thelathini na mmoja.

Kopo lenyewe lilikuwa la kupimia mvua. Watu wa hali ya hewa walilileta wakati Ebenezer bado anafundisha hesabu shule ya msingi, wakalizika nusu ardhini nyuma ya nyumba yake, wakamwachia gilasi ndogo yenye mistari na maelekezo matatu: lisome saa tatu kila siku, andika ulichokiona, na usiache kitu chochote kirefu kikasimama karibu nalo. Kwa hilo la tatu Evelina alipoteza mpapai wake. Mpapai wenyewe ulikuwa unazaa vizuri, mapapai manene yenye nyama nyekundu, na mumewe aliukata mchana kweupe kwa sababu eti unakinga matone. Evelina alimsamehe mambo mengi katika ndoa yao. La mpapai alikuwa bado anaombea nguvu ya kulisamehe.

Hata siku ambazo hakuna wingu hata la kufutia jasho, Ebenezer alikwenda. Kiangazi cha huku kinachukua miezi saba, na miezi yote saba aliinama, akatoa chupa iliyomo ndani ya kopo, akaiinua usawa wa jicho, akarudi ndani kuandika sifuri, nukta, sifuri.

"Baba Aneth," Evelina alimwuliza mwaka fulani wa mwanzo, "si ungeandika tu mara moja, 'Juni yote hakuna'?"

"Nitajuaje kama sijaangalia?"

Evelina alirudi kuchambua mlenda wake.

Kauntabuku moja kila mwaka. Zilipangwa juu ya kabati, thelathini na moja, na binti yao Aneth, anayefanya kazi ofisini huko mjini, Makole, alipokuja likizo alizifuta vumbi, maana mama yake alikataa kuzigusa.

Mwaka huo wa thelathini na mmoja diwani wa kata alifariki, ikabidi ufanyike uchaguzi mdogo mwishoni mwa Novemba, kipindi kilekile ambacho watu wanatafuta mbegu. Utabiri ulikuwa umetoka: mvua zitaanza kwa nguvu, kisha zitakatika Februari. Bwana shamba wa kata aliitisha mkutano, akashauri watu wapande mtama na uwele, na wenye kung'ang'ania mahindi wachukue yanayokomaa upesi. Akamsimamisha Ebenezer athibitishe. Ebenezer akafungua kauntabuku, akavaa miwani.

"Katika miaka thelathini na mmoja," alisema, "Februari imekata mvua siku kumi na nne mfululizo au zaidi katika miaka kumi na tisa. Mwaka wa kwanza, siku kumi na sita. Mwaka wa pili, hakukuwa na katizo kubwa. Mwaka wa tatu..."

Alipofika mwaka wa tisa, nusu ya mkutano walikuwa wanazungumza bei ya alizeti. Evelina, aliyekaa na akina mama chini ya ukuta wa ofisi ya kijiji, aliinamisha uso. Alitaka kumvuta koti.

Wiki iliyofuata akaja Optatus. Optatus alikuwa anagombea udiwani. Alizaliwa hapo hapo Mlali, akasoma hesabu kwa Ebenezer na kuzifeli zote, akaenda mjini, akarudi na spika mbili kubwa juu ya gari.

"Mbukwenyi!" alisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa!" uwanja mzima ukaitika, na hapo tu alikuwa ameshapata nusu ya kura.

"Mimi sikuja na makaratasi. Nimekuja na moyo. Bibi yangu aliyenilea, mnamjua, alikufa mwaka wa njaa. Siku ya mwisho aliniambia, mjukuu wangu, naomba ugali mweupe, japo tonge moja. Hatukuwa nao. Tukampa wa uwele." Sauti ikamkatika. Akatoa leso. "Leo wanakuja kuwaambia limeni mtama! Wao wenyewe huko mjini wanakula nini? Wali! Wali na kuku! Ninyi mkae juani toka alfajiri mkiamia ndege wasile mtama. Kwani Mgogo aliandikiwa na nani asile sembe?"

Akina mama wakaanza kulia. Anastazia, jirani wa Evelina na mwenzake wa kwaya, alilia mpaka kilemba kikamdondoka. Evelina aliona haya baadaye, lakini ukweli ni kwamba naye alilia. Alimkumbuka mama yake mzazi, na mikono yake iliyochubuliwa na mchi.

"Mwalimu wangu Ebenezer yuko pale," Optatus aliendelea, akaonesha kwa mkono. "Shikamoo, mwalimu! Mwalimu nampenda, alinichapa sana. Lakini mwalimu, kopo halina moyo!"

Uwanja ulicheka mpaka mbwa wakabweka. Ebenezer naye alitabasamu, mkono mmoja umenyanyuliwa kuomba nafasi ya kusema, na hakuna aliyempa. Mkono ulibaki juu muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Njiani kurudi, Evelina alimgeukia.

"Mwenzako amesimama dakika kumi, watu wamelia. Wewe umewasomea mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, kama unaita mahudhurio! Ungeanza hata na 'ndugu zangu nawapenda', ungepungukiwa nini?"

"Nisingewapenda, ningeyaandika yote hayo ya nini?"

"Watalijuaje hilo? Limeandikwa humo?"

Ebenezer akasema kwamba bibi yake Optatus alikufa mwaka wa mahindi, mwaka ambao kijiji kizima kilipanda mahindi yakaungua Februari, na kwamba hilo limeandikwa, kauntabuku ya saba. Evelina alisimama katikati ya njia akatamani kumpiga kwa kiatu. "Sasa mbona hukulisema pale?"

"Lingekuwa kumwumbua mtu kwa msiba wake."

Ndivyo alivyokuwa.

Evelina ana ekari mbili alizorithi kwa baba yake. Kesho yake alikwenda kununua mbegu ya mahindi, ile ndefu, ya kuchelewa. Alimwambia mumewe wazi, "Mwaka huu nataka sembe ya jasho langu." Ebenezer hakumkataza. Alichukua jembe, akapanda nusu ekari ya mtama peke yake, mbali kidogo na nyumba ili usije ukarefuka na kulikinga kopo. Kijiji kizima, watu wa mtama walikuwa yeye na vikongwe wawili.

Optatus alishinda. Mvua nayo ikashuka kama iliyosubiri matokeo. Kufikia Krismasi mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, ya kijani mpaka yanaelekea weusi, na watu walipokutana na Ebenezer walimwuliza kwa mbali, "Mwalimu! Kopo linasemaje?"

"Arobaini na mbili, nukta tatu," alijibu kwa dhati kabisa, nao wakashikana mabega kwa kicheko.

Asubuhi moja katikati ya Januari alisoma kopo, akarudi ndani, akaandika sita nukta nne, akasema kichwa kinamgonga. Alipojaribu kuweka kalamu mezani, ilianguka pembeni, na yeye akaifuata. Hospitali walisema ni shinikizo la damu lililopasua mshipa. Alikaa siku mbili. Siku ya pili ulimi uliokuwa umefungwa ulimfunguka kidogo, akamtafuta Evelina kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu.

"Nani anasoma?"

"Nimemwachia Anastazia ufunguo, anasoma. Pumzika."

"Kitabu kisiwe na tundu, mama Aneth."

"Hakitakuwa."

"Niahidi."

"Nakuahidi mbele za Mungu. Sasa pumzika, baba."

Alifariki kabla ya jioni. Kwa hiyo kumbe lililobaki mikononi mwa Evelina baada ya ndoa ya miaka thelathini na sita lilikuwa ahadi kuhusu kopo. Alimlilia mumewe, na katikati ya kilio alimkasirikia.

Siku ya maziko, waombolezaji wameshajaa uani, saa tatu ikafika. Mjane hapaswi kuinuka mkekani. Wazee wote wanalijua hilo, na Evelina alilijua kuliko wengi, maana yeye ndiye huwasimamia wajane wa kanisani kwao. Aliinuka. Akajifunga kanga vizuri, akapita katikati ya akina mama walioacha kuimba mmoja mmoja, akaenda nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akatoa chupa, akamimina maji kwenye gilasi, akaiinua usawa wa jicho. Kumi na moja nukta mbili. Akaandika, akarudi kukaa.

"Anafanya nini?" mmoja alinong'ona.

"Kuna kitu anachota mle," alijibu mwingine.

Optatus alikuja na gari, akamlilia mwalimu wake mpaka akashikwa na watu wawili. Kibaya zaidi ni kwamba machozi yalikuwa ya kweli. Evelina alimtazama kwa karibu akitafuta uongo ndani yake ili apate pa kuegemeza hasira zake. Hakuuona.

Tarehe tatu Februari mvua ikakata.

Wiki ya kwanza watu walisema inapumzika. Wiki ya pili mahindi yalianza kujikunja majani, yakifunguka jioni, yakijikunja tena asubuhi. Ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele. Evelina alikwenda shambani kwake, akashika jani moja, likavunjika kama karatasi. Alisimama pale katikati ya ekari mbili za kiburi chake, akasema kwa sauti, "Haya, baba Aneth. Sema." Lakini Ebenezer hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kusema nilikwambia.

Kila asubuhi aliandika sifuri, nukta, sifuri. Kanisani walifunga na kuomba siku tatu. Evelina alifunga nazo zote, akaomba kwa machozi. Na saa tatu ilipofika aliinuka katikati ya maombi, akainama, akatoka. Hapo ndipo maneno yalipoanza kuchemka. Kwenye kundi la WhatsApp la kijiji mtu aliandika: Tunaomba mvua, mwenzetu anatoka kwenda kuifunga. Mwingine akauliza: Kwani marehemu si aliapa itakata Februari? Atashindwaje mke wake kulitimiza?

Siku ya ishirini ya ukame wakaja. Mbele alikuwa Mzee Damas, mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole ambaye hajawahi kukataa jambo lolote lililosemwa na watu zaidi ya watano. Nyuma yake vijana wanne na jembe, akina mama kadhaa, na Anastazia.

"Hodi, mama Aneth. Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni. Mbona na jembe, mnakuja kunilimia?"

Mzee Damas alikohoa. "Wananchi wana hisia, mama. Siyo mimi. Wananchi wana hisia kwamba lile kopo... lipumzike kidogo."

"Lipumzike? Linafanya kazi gani nzito?"

"Linafunga mvua!" kijana mmoja alisema.

"Linafungaje? Njoo unioneshe. Kopo liko wazi juu. Mvua ikinyesha inaingia, isiponyesha halina kitu. Wewe ukiweka sufuria uani, unafunga mvua?"

"Sufuria haiandikwi kitabuni," alijibu mama mmoja, na wengine wakaguna kukubali kwamba neno limesemwa.

"Kopo hili limekaa hapa miaka thelathini na mmoja! Mvua zote mlizovuna zimepitia humu! Desemba mlipokuwa mnacheka, lilikuwa hapahapa!"

"Desemba lilikuwa mikononi mwa mwalimu," alisema Mzee Damas kwa upole. "Sasa mama, wewe uliinuka mkekani. Watu waliona."

Evelina alimgeukia Anastazia. "Wewe ulilisoma siku mbili mimi nikiwa hospitali. Uliona nini mle?"

Anastazia alitazama chini. "Maji," alisema.

"Basi waambie."

"Nawaambia nini, Mama Aneth? Mahindi yangu yanakufa." Akaanza kulia, na alipolia yeye, wote wakalainika upande wake, na Evelina akajua ameshindwa. Alikuwa na kauntabuku thelathini na moja ndani ya nyumba, na huyu alikuwa na machozi. Alitaka kuwaomba. Alitaka kusema, niliahidi mtu anayekufa. Kisha akakumbuka mkono uliobaki juu pale uwanjani, akawapisha.

Wakaling'oa. Mzee Damas alilibeba mwenyewe, amelishika mbali na tumbo lake kama mtu abebaye mzinga wa nyuki.

Kesho yake saa tatu Evelina alikwenda nyuma ya nyumba, akalitazama shimo, akarudi ndani. Angeweza kuandika sifuri. Mbingu ilikuwa kavu, nani angejua? Lakini alisikia lile swali, nitajuaje kama sijaangalia, akaandika: Kipimo hakipo. Siku ya pili hivyohivyo. Mstari kwa mstari, mwandiko wake mnene chini ya mwandiko mwembamba wa mumewe. Alihesabu kila mstari kuwa uongo aliomwambia mumewe kitandani hospitali.

Siku ya tisa mvua ikanyesha.

Ilinyesha mchana, kubwa, ya mawe kidogo. Watu walitoka nje wakacheza. Vigelegele vilisikika kutoka kila upande, na Optatus akaandika kwenye kundi: Sauti ya wananchi imefika mbinguni. Evelina alisimama mlangoni akitazama maji yakijaza lile shimo, na hakujua ni milimita ngapi, na hakuna mtu duniani atakayejua kamwe.

Mahindi yalikuwa yameshakufa. Hilo halikutajwa siku ile. Lilitajwa mwishoni mwa Machi, maghala matupu yalipotazamana na watu, na Optatus alipita nyumba kwa nyumba akiwashika watu mikono, akalia tena. "Angalau yeye analia na sisi," Anastazia alisema.

"Na bwana shamba aliyewaambia mpande mtama?"

"Yule? Yule hata hakuja kutupa pole. Anaona aibu."

"Aone aibu ya nini, Anastazia? Aibu ya kusema kweli?"

Anastazia alikuwa amekuja na ndoo. Nusu ekari ya Ebenezer ilikuwa imesimama ukame wote, ikainamisha vichwa vilivyojaa, na sasa Evelina alikuwa anapepeta mtama wa marehemu uani. Alichota ndoo ikajaa, akaongeza na konzi mbili. Angemnyima kila mtu aliyekuja na jembe, lakini mtama haukuwa wake. Aliyeupanda hakuwahi kumwumbua mtu kwa msiba wake.

"Mungu akubariki," alisema Anastazia, akajitwika. Alipofika kwenye uzio akageuka. "Lakini si uliona, Mama Aneth? Tulipoling'oa tu, ikanyesha."

Evelina aliendelea kupepeta. Kuna wakati hata pumzi ya kuvuta kwa hasira mtu anaona ni hasara.

Aprili mvua ikakataa kukatika. Karanga za watu zilizoponea chupuchupu zilikuwa zimeng'olewa zikaushwe, na zilianza kuota uani. Alizeti ikaoza vichwa. Siku ya sita ya manyunyu, saa mbili asubuhi, Mzee Damas alibisha hodi. Alikuwa peke yake na Anastazia, na kwapani alikuwa na kitu kilichoviringishwa kwenye mfuko wa mbolea.

"Mama Aneth, shikamoo. Tumelileta."

"Marahaba. Hukulitupa?"

"Nilitupe? Nilitupe wapi kijiji kisizame?" Aliufungua mfuko. Kopo lilikuwa safi, alikuwa amelifuta. "Wananchi wana hisia kwamba lirudi mahali pake. Mvua imezidi. Lifunge kidogo. Wiki mbili tu, karanga zikauke."

Evelina alimtazama. Akafungua mdomo. Akaanza, "Mzee Damas, kopo haliwezi..." akaona nyuso zao mbili, zenye imani kamili, zilizolowa, zinamtazama kama watu wanavyomtazama mganga. Akafunga mdomo. Akamwomba Mungu msamaha kwa alilotaka kusema, na msamaha mwingine kwa kunyamaza.

"Chimba," alisema. "Liwe wima, liwe usawa. Nilikuwa na vijana wanne wa kuling'oa, leo nina mzee mmoja wa kulipanda?"

Walipofika nyuma ya nyumba Evelina alisimama. Kando ya lile shimo, tangu Machi, ulikuwa umejiotea mpapai. Ulikuwa umefika magotini, majani yamekunjuka vizuri. Alikuwa anaumwagilia maji ya kuoshea vyombo na hakumwambia mtu. Alichuchumaa, akaushika shina chini kabisa, akaung'oa na mizizi yake. Anastazia alishtuka.

"Wa nini kuung'oa, jamani? Mpapai mzuri hivi!"

"Unakinga matone."

Saa tatu siku iliyofuata alisoma nane nukta sita. Siku iliyofuata, mbili nukta moja. Siku ya tatu jua lilitoka, manyunyu yakakoma, kama yanavyokoma kila mwaka mwishoni mwa Aprili, kauntabuku zote thelathini na moja ni mashahidi. Kabla Evelina hajaenda nyuma ya nyumba, Anastazia aliingia uani na jogoo mwekundu amefungwa miguu.

"Wa nini huyu?"

"Asante ya wananchi. Umefunga vizuri."

"Sikufunga kitu mimi, Anastazia."

"Tunajua, tunajua," Anastazia alisema kwa sauti ya chini, akamkonyeza.

Evelina alimshika jogoo kwa mabawa, akamweka chini ya tenga. Akatazama saa. Akavaa miwani ya mumewe, ambayo haimfai sana, akaenda nyuma ya nyumba na Anastazia akimfuata kwa kunyata, akapiga magoti kwenye udongo ulioanza kukauka, akatoa chupa, akaiinua usawa wa jicho.

"Kuna nini?" Anastazia alinong'ona.

"Angalia mwenyewe."

Anastazia aliinama, akachungulia muda mrefu, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa lingine. "Hamna kitu," alisema, kana kwamba amenyimwa.

"Haya," alisema Evelina, akainuka kwa kushika goti, akaingia ndani kuandika.